Tahariri: Mingiedi hakuwa mwanamuziki wa kujaribu

Neno moja limetugawanya katika chumba chetu cha habari. Mwenzetu alileta wasifu mfupi wa marehemu Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi Konono N°1 la Kinshasa. Sentensi ya kwanza ilimwita « mwanamuziki wa majaribio ». Mhariri mmoja akafuta neno hilo. Mwingine akalirudisha, akisema ndivyo magazeti ya Ulaya yanavyoandika. Tunawaeleza wasomaji mabishano hayo kwa sababu yanagusa swali kubwa: nani anaeleza maisha ya msanii Mkongomani, na kwa ushahidi gani?

Tuanze na yale yanayojulikana. Mingiedi alikuwa Mzombo, watu wa eneo linalopakana na Angola. Katika miaka ya 1960 aliunda kundi lililopiga likembe, ala ya vyuma vyembamba inayochezwa kwa vidole gumba. Sauti ya likembe ni ndogo, na Kinshasa ni mji wa kelele. Basi Mingiedi akachukua sumaku kutoka vipande vya magari ya zamani, akatengeneza mikro, akaziunganisha na vipaza sauti vikubwa vinavyoitwa « lance-voix ». Sauti ilitoka na mkwaruzo. Mkwaruzo huo ukabaki, ukawa sehemu ya muziki wake.

Mwaka wa 2004 nyumba ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa albamu Congotronics, iliyotayarishwa na Mbelgiji Vincent Kenis. Wakosoaji wa Ulaya na Marekani walishangaa. Wengi walisikia humo roki na muziki wa elektroniki, wakaliweka kundi hilo kati ya wanamuziki wa majaribio. Mwaka wa 2006 BBC Radio 3 ililipa tuzo ya muziki wa dunia katika safu ya wasanii wapya. Wapya, wakati kundi lilikuwa na karibu miaka 40, na Wafaransa walikuwa wamekwisha kulirekodi tangu 1978!

Hapo ndipo aliyefuta neno alikuwa na hoja. Katika Kiswahili chetu, mtu wa majaribio ni yule ambaye bado anajifunza kazi, fundi ambaye hajakabidhiwa funguo. Mingiedi hakuwa hivyo. Jina kamili alilolipa kundi lake lilisema wazi kwamba ni orkestra « folklorique ». Yeye mwenyewe alijiweka upande wa mila. Wageni walisikia kitu kipya kwa sababu ni masikio yao yaliyokuwa mapya.

Lakini aliyerudisha neno naye hakukosa kabisa. Kuwa mtu wa mila hakumzuii mtu kuvumbua. Hakuna babu aliyemwonyesha Mingiedi namna ya kufunga sumaku ya gari kwenye likembe. Tukiandika « muziki wa asili » tu, tunafuta uvumbuzi wake na kumfanya mtunza makumbusho.

Kulikuwa na kosa lingine katika wasifu ule, na hilo linatuhusu sisi wanahabari wa RDC zaidi. Mwandishi alisema albamu ya Mingiedi ilishinda Grammy. Ukweli ni kwamba mwaka wa 2011 Konono N°1 ilikuwa kati ya washindi kwa wimbo mmoja wa Herbie Hancock, pamoja na Pink, Seal, Oumou Sangaré na wengine. Ni heshima kubwa inayotosha bila kuongezewa chumvi. Kwa nini tuliiongezea?

Kwa sababu tumezoea. Wasifu nyingi za wanamuziki tunazochapisha zinatoka kwa mameneja wao, na mara nyingine zinakuja na « coupage » ndani ya bahasha. Kama vile mwimbaji anavyotupa « mabanga » kwa aliyelipa, ndivyo mwanahabari anavyotupa « mfalme », « wa kwanza Afrika », « nyota wa dunia ». Msomaji si mjinga. Akiona kila mtu ni mfalme, anajua kwamba maneno yamenunuliwa, na siku tutakapoandika ukweli juu ya msanii mkubwa hatatuamini.

Msimamo wetu ni huu. Kwanza, tueleze kazi kabla ya kuipa jina: msomaji aliyeelezwa habari ya sumaku na likembe atajua mwenyewe kama ni majaribio. Pili, jina tulilolipokea kwa wengine tuseme limetoka kwa nani. Kutoegemea upande ni kuonyesha wazi kila neno la sifa au la lawama ni la nani. Tatu, tarehe na tuzo zihakikishwe kwa familia, kwa wapiga muziki wenzake na kwa kanda zenyewe. Nne, tukikosea, tusahihishe mbele ya wasomaji, si kufuta kimyakimya.

Wengine watasema Mingiedi alifariki mwaka wa 2015, na Kinshasa ni mbali na Kivu na Ituri. Sivyo. Rey Sapienz, mtoto wa Bunia anayefanya muziki wake Kampala, alitoa albamu Na Zala Zala mwaka wa 2021 kwa Nyege Nyege Tapes, na yeye pia anahesabiwa kati ya wanamuziki wa majaribio. Wapo vijana wengine Goma, Bukavu na Beni wanaotengeneza midundo kwenye kompyuta usiku moto ukiwepo. Kama habari zao zitaandikwa kwanza na watu wa mbali, huenda zikaanza na vita na kuishia na vita. Zikiandikwa na sisi kwa coupage, zitaanza na mfalme na kuishia na mfalme. Na kosa likisha kuandikwa linanakiliwa, mpaka siku watoto wa marehemu watakapodai haki za mtunzi na kukuta karatasi zinasema jambo lingine.

Wasifu wa Mingiedi utatoka katika ukurasa huu wiki ijayo. Neno « majaribio » litakuwemo, likiwa na jina la walioliita hivyo. Neno « folklorique » litakuwa kando yake, kwa sababu ni lake yeye.