Vikundi vya Majadiliano juu ya Akili Bandia: Viundwe kwa Lugha Gani?

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula uliopita nilikaa nyuma ya darasa la pili, katika shule moja ya milimani hapa Lushoto, nikimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha juu ya udongo na mimea. Ni kijana mwenye bidii, mzaliwa wa Usukumani. Kwa kuwa hajui Kisambaa, alikuwa ameiuliza programu ya akili bandia iliyomo katika simu yake imtajie majina ya vitu sita kwa lugha hiyo, ili watoto ambao Kiswahili hawajakizoea wapate pa kuanzia. Alipewa majina yote sita bila kusita, naye akayaandika ubaoni kwa hati nzuri. Watoto walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Mwalimu wa darasa, mzaliwa wa Mlalo, alinieleza baadaye kwamba mawili tu ndiyo yaliyokuwa Kisambaa. Mengine hakujua ni ya watu gani.

Simlaumu kijana yule. Andalio lake la somo nilikuwa nimelipitia mimi mwenyewe, nikalitia sahihi.

Hapana budi mwalimu afahamu jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Programu za namna hii hupitishwa katika maandishi mengi mno, na kutokana na hayo hujifunza kukadiria ni neno lipi lielekealo kufuata jingine. Kiingereza kina maandishi yasiyo na idadi katika intaneti. Kiswahili, pamoja na wingi wa wasemaji wake, kina sehemu ndogo tu, na Kisambaa kina haba sana. Lakini pale maandishi yanapokuwa haba makadirio hayakomi. Programu huweza kuendelea kujibu kwa sauti ile ile ya mtu ajuaye. Binadamu asiyejua jambo aghalabu husita, na kusita kwake hututahadharisha. Hapa tahadhari hiyo tumenyimwa.

Baada ya kisa hicho wenzangu kadhaa walipendekeza chuo kiwe na kikundi cha majadiliano juu ya akili bandia. Pendekezo hilo naliafiki kabisa. Walitaka, hata hivyo, kikundi kimoja, nacho kiendeshwe kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba elimu hii imetoka huko na istilahi zake ni za huko. Hapo ndipo tunapoachana. Nimehudhuria mikutano ya kutosha ya namna hiyo: watatu husema, ishirini hutikisa kichwa, na wale ishirini ndio watakaokwenda kufundisha Mtae, Shume na Bumbuli. Isitoshe, anayejadili chombo hiki kwa Kiingereza hukiona mahali kilipo hodari zaidi. Makosa yake makubwa hayatamfikia.

Nchi yetu imewahi kulifanya jambo hili kwa njia bora zaidi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya redio nchini kote. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu cha Kiswahili, kikajadili hali ya kijiji chake, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi. Elimu juu ya malaria na kichocho ilikuwa ya kitaalamu, na istilahi nyingine zilikuwa ngeni vile vile. Hakuna aliyeambiwa ajifunze kwanza Kiingereza ndipo aruhusiwe kuizungumza. Redio moja ilitosha kikundi kizima, na kwetu leo simu moja yatosha.

Kinyume chake nacho tunakijua hapa hapa milimani. Mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzishwa na serikali ya kikoloni katika bonde la Mlalo baada ya Vita vya Pili vya Dunia uliwalazimisha wakulima kulima matuta kwa amri. Huenda wataalamu walijua mengi juu ya mmomonyoko; mazungumzo na wenye mashamba yalikuwa machache. Watu waliupinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaachwa.

Yako pia ya siku hizi. Tangu mwaka 2019 watafiti wa kujitolea wa Afrika wamekusanyika chini ya jina Masakhane, neno la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja, wakishughulikia tafsiri ya kompyuta kwa makumi ya lugha za bara hili. Kazi yao ni kuunda vyombo. Yetu ni kuvipima darasani, nayo yahitaji vikundi vya aina nyingine.

Nashauri hivi. Kila chuo kiwe na kikundi kimoja kikuu cha Kiswahili, na kando yake vikundi vidogo vya watu wanane hadi kumi na wawili kwa lugha walizokuja nazo wanachuo. Swali moja liulizwe kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kikundi. Majibu yote yaandikwe katika daftari, kisha yapelekwe kwa mzee au mwalimu mstaafu aijuaye lugha hiyo. Makatibu wakutane kila mwezi na kusomeana madaftari yao kwa Kiswahili. Bila mkutano huo vikundi vitakuwa visiwa, kila kimoja kikigundua upya kosa lililokwisha kugunduliwa na jirani.

Yuko mkufunzi aliyenionya kwamba tutaamsha ukabila. Hofu hiyo siidharau. Lakini lugha ya kufundishia inabaki Kiswahili, wala hakuna anayependekeza vinginevyo. Tunachokichunguza ni chombo ambacho tayari kimo mifukoni mwa wanachuo na tayari kinajidai kusema lugha za wazee wetu.

Kikundi chetu kikuu kilimaliza kikao chake cha kwanza kikibishana juu ya jina tu: akili bandia, akili mnemba au akili unde. Wengine waliona ni saa mbili zilizopotea. Mimi sikuona hivyo, kwani aliyetetea «bandia» ilimbidi aeleze ni kitu gani hasa kinachoigizwa, na aliyetetea «unde» ilimbidi aseme ni nani aliyeunda, na kwa maandishi ya nani.

Vikundi vinne vimekwisha kuanza. Kile cha Kimbugu, lugha ya hapa Usambara ambayo wanaisimu wa mbali wameiandikia vitabu, kina wanachuo wawili tu. Wana maswali kumi na manne na majibu yake katika daftari lao, nao wanashuku kwamba mengi ni Kipare. Jumamosi watapanda Magamba kwa bibi mmoja ambaye amekubali kusomewa.