Usidanganywe na Asilimia, Ganji ya Mwalimu Iko Kwa Gredi

Kila mara serikali ikikaa chini na vyama vya walimu na mkataba utiwe sahihi, mtandaoni huwa ni stori moja: walimu wameomoka. Julai 2025 ilikuwa hivyo hivyo. TSC, KNUT, KUPPET na KUSNET walikubaliana kuhusu CBA ya 2025 hadi 2029. Shilingi bilioni 33.8 kwa miaka minne, nyongeza ya kuanzia asilimia 5 hadi 29.5. Kabla wino ukauke, wasee walikuwa washaanza kuwaitisha maodijo wao lanchi.

Tulia kwanza. Hiyo 29.5 iliandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu inavutia macho. Ni ya yule wa chini kabisa, si ya kila mtu, na haiingii siku moja. Ukitaka kujua kama mathe wako mwalimu ataacha kukopa kila tarehe ishirini, ama kama hiyo kozi ya ualimu unasomea itakulipia keja, usikazie macho asilimia. Angalia gredi. Huko ndiko ganji imelala, na huko ndiko mlango ni mwembamba.

Wenye wako kwa meza

Watu hudhani haya mazungumzo ni TSC upande huu, vyama upande ule, basi. Zii. TSC ndio mwajiri, vyama vinaleta madai. Lakini nyuma yao kuna SRC, ile tume ya mishahara iliyozaliwa na Katiba ya 2010, na ndiyo husema kiwango kinaweza kufika wapi. Nyuma ya SRC kuna Hazina ya Kitaifa na Bunge, wenye wanashika mfuko. Yeyote kati ya hao akikunja mkono, stori imekwama.

Ushahidi uko. Julai 2021 TSC na vyama walitia sahihi CBA ambayo haikuwa na hata shilingi moja ya nyongeza. Ilikuwa na maneno kuhusu likizo na mambo mengine, lakini doo sufuri, kwa sababu SRC ilikuwa imefunga bomba wakati wa Korona. Pesa ilikuja kuongezwa Agosti 2023, asilimia 7 hadi 10, na hata hiyo ikagawanywa mara mbili.

Nusu ya pili ilifaa iingie Julai 2024. Unakumbuka Juni ya huo mwaka, najua unakumbuka. Mswada wa Fedha ulitupwa, bajeti ikakatwa, na pesa ya walimu ikawa kati ya zile zilizowekwa kwa kisu. KUPPET wakagoma mwezi wa nane, shule zikifunguliwa muhula wa tatu, ndio serikali ikaitafuta. Kwa hivyo hata kitu kilichotiwa sahihi bado kilihitaji mgomo.

Hesabu ya slipu

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo hii hesabu ni ya vidole tu. Tufuatane.

Chukua mwalimu ambaye mshahara wake wa msingi umeongezwa 3,000. Yuko kwa mpango mpya wa pensheni ulioanza Januari 2021, na mapato yake yashapita 32,333 kwa mwezi, maana yake kila shilingi mpya KRA inaidai asilimia 30.

Pensheni asilimia 7.5, hiyo ni 225. Bima ya afya asilimia 2.75, hiyo ni 82 na senti. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo ni 45. Imebaki kama 2,647. Hapo sasa KRA inachukua asilimia 30, karibu 794. Mkononi mwa mwalimu kunafika kama 1,850. Na bado hatujagusa ada ya chama.

Yaani kati ya kila soo moja aliyoongezewa, karibu mbao mbili zimeenda kabla aione. Ndio maana mathe anasoma gazeti linasema ameongezwa, anaangalia simu, anaona M-Pesa imekaa vile ilikaa mwezi jana. Hajakosea kuhesabu.

Sasa angalia ngazi

Nipe dakika mbili hapa kwa sababu hapa ndipo penye stori yenyewe.

Mwalimu wa TSC ako kwa gredi, kuanzia B5 chini hadi D5 juu. Nikuwekee vianzio vya mshahara wa msingi vile vilifika mwisho wa CBA ya 2017 hadi 2021. Tangu hapo vimepanda, lakini cheki tu pengo kati ya hatua moja na nyingine. B5 ilianzia 21,756. C1 ilikuwa 27,195. C2, penye mwalimu wa sekondari mwenye digrii huanzia, ilikuwa 34,955. C3 ilikuwa 43,154. C4 ilikuwa 52,308. D1 ilikuwa 77,840. D5 juu kabisa, 131,380.

Mwalimu wa C2 akiongezwa asilimia 10 kwa kianzio chake, anapata 3,495. Lakini kianzio cha C3 kimezidi kile cha C2 kwa 8,199. Na C4 imezidi C3 kwa 9,154. Kwa hivyo hatua moja ya gredi inazidi mara mbili CBA nzuri ambayo watu wamelalia kwa barabara wakiidai.

Tena kuna dari. Kila gredi ina mwisho wake. C2 kwa viwango hivyo iliishia 43,694. Kila mwaka unaongezewa kidogo, unapanda polepole, halafu siku moja unagonga dari na ile nyongeza ya kila mwaka inaisha. Hapo hata ufundishe aje, unabaki ukingoja CBA kama mtu anangoja mat ya mwisho kwa stage, hajui kama itakuja na kama itakuwa na nafasi.

Ngazi inatoka darasani

Swali ni moja: unapanda aje?

Zamani mwalimu wa P1 akirudi shule jioni na likizo, akaleta digrii, TSC ilikuwa inampandisha. Walimu wengi walikopa SACCO wakasoma kwa hiyo imani. Siku hizi kuna miongozo ya kupanda vyeo, watu huiita CPG, na chini yake digrii peke yake haikupandishi. Ni karatasi nzuri ya kuweka kwa faili.

Kuna hatua ambazo ni za muda tu. Mwalimu wa sekondari anatoka C2 hadi C3 akimaliza miaka mitatu na kazi yake iko sawa. Lakini kutoka hapo kwenda juu, lazima TSC itangaze nafasi, uombe, uitwe mahojiano. Na soma majina ya hizo nafasi: mwalimu mwandamizi, naibu wa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu. Kwa shule ya msingi ni kali zaidi, kwa sababu hata C2 yenyewe ni cheo cha mwalimu mwandamizi.

Umeona mchezo? Shule moja ina mwalimu mkuu mmoja. Yule odijo mkali wa hesabu, mwenye alikufanya uache kuogopa aljebra, ngazi yake inaisha mapema akibaki na chaki. Akitaka doo zaidi, lazima atafute ofisi. Tumejenga mfumo wenye unalipa mtu kwa kuacha kitu anajua kufanya poa.

Na nafasi zenyewe? Mwaka wa 2025 TSC ilipandisha walimu zaidi ya 25,000, kwa kutumia bilioni moja iliyotengwa kwa kazi hiyo. Inasikika kubwa hadi ukumbuke TSC ina walimu zaidi ya 340,000. Hiyo ni chini ya mmoja kati ya kumi. Kamati ya Elimu ya Bunge ikawaita TSC kuwauliza ni kwa nini mgao ulionekana kupendelea sehemu zingine. Watu wakiwa wengi kwa mlango mmoja, lazima waanze kuulizana nani alipitia dirishani.

Sasa weka hizo pesa pamoja. Bilioni 33.8 kwa asilimia, ukigawa kwa miaka minne ni kama bilioni nane na nusu kila mwaka. Bilioni moja kwa vyeo. Ukiuliza kwa nini mizani imekaa hivyo, fikiria siasa yake. Asilimia inagusa kila mwanachama, hata kama ni kidogo, na kila mtu anaona chama kinachapa mboka. Cheo kinagusa wachache na kinaacha wengi wamenuna. Kiongozi wa chama mwenye anatafuta kura atabonga kuhusu gani?

Upande wa serikali pia uko

Tusibonge kama mashabiki. Serikali ina hoja. Bili ya mishahara ya umma imepita trilioni moja kwa mwaka, na sheria inataka isizidi asilimia 35 ya mapato. Kwa kongamano la Aprili 2024 pale Bomas, lengo lilikuwa kufika hapo ifikapo 2028. Pesa ya mwalimu ni ushuru wako wewe, hata ukinunua tu mkate na kifurushi cha data. Na cheo si mshahara wa leo peke yake, kinakuja na marupurupu na pensheni ya kesho.

Sawa. Lakini kama huna pesa, sema huna kabla ya kutia sahihi. Shida ya hapa kwetu ni mikataba inayotiwa sahihi halafu inageuka deni. Waulize wahadhiri. Walikuwa wakidai bilioni 7.9 za CBA ya 2017 hadi 2021. Ilibidi wagome siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba 2025, ndio wakubaliwe kulipwa mara mbili, ile ya pili ikipangwa Julai 2026. Waulize madaktari. Mwaka wa 2024 waligoma siku 56, na moja ya vitu vikubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, 206,000 za mkataba dhidi ya 70,000 za serikali. Stori hiyo ilikuja kutulia Desemba.

Kila moja ya hizo siku kuna comrade alikuwa kwa hosteli analipa renti bila kusoma, na kuna mgonjwa alirudishwa nyumbani. Kwa hivyo usiniambie haya ni mambo ya watu wazima na tai zao.

Na wewe uko wapi?

Kama una digrii ama diploma ya ualimu, kuna uwezekano mkubwa hauko hata kwa ngazi. Uko chini, kwa mlango. Walimu wanagenzi 46,000 walifundisha Sekondari Msingi kwa malipo ya 20,000 kabla ya makato, kazi ile ile, silabasi ile ile, watoto wale wale. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema huo mpango hauko sawa kisheria. Mei wakaandamana. Januari 2025 wakaingia ajira ya kudumu. Na papo hapo, serikali ikaleta wanagenzi wapya 20,000.

Mwanagenzi hana B5 wala C2. Hana nyongeza ya kila mwaka, hana dari, hana CBA. Asilimia 29.5 ya kitu ambacho haumo ni sufuri. Na miaka unayokaa pale kwa mlango haihesabiwi kama miaka ya gredi, kwa hivyo ukiingia unaanza chini ukiwa ushazeeka kidogo. Wenye walianza na 22 wakiwa kwa ngazi wanakuacha mbali, na hamtawahi kulingana hadi siku ya pensheni.

Maswali matatu ya kubeba

Wakati mwingine ukiona kichwa cha habari kinasema walimu, madaktari, makarao ama wafanyakazi wa wizara wameongezwa, usishangilie na usikasirike kabla ya kuuliza maswali matatu.

Moja: inaingia lini, na iko kwa bajeti ya mwaka gani? Kama jibu ni awamu ya tatu, weka kalamu chini.

Mbili: ni asilimia ya nini, na ya nani? 29.5 ya mtu wa chini na 5 ya mtu wa juu ni vitu viwili tofauti, na zote zinapitia kwa makato kabla zikufikie.

Tatu: ni watu wangapi watapanda gredi, na watapimwa aje? Hili ndilo swali hakuna mtu huuliza kwa mkutano wa wanahabari, na ndilo linaamua kama mtu atastaafu akiwa na kitu.

Kama kuna kitu kimoja vyama vingefaa kupigania raundi ijayo, ni ngazi ya darasani. Gredi ambayo mwalimu mzuri anaweza kupanda akiwa bado na chaki mkononi, bila kungoja mkuu wake astaafu ama ahamishwe. Na miaka ya unagenzi ihesabiwe. Hivyo vitu viwili vingebadilisha maisha ya watu kuliko asilimia mbili zaidi.

Mathe wako akikuuliza hizi hesabu umetoa wapi, mwambie akupe slipu yake ya mwezi jana. Angalia pale juu, mahali imeandikwa gredi. Halafu muulize amekaa hapo miaka mingapi.