Bowa ya Likasi: tuulize kwanza imetoka wapi

Mvua zikishika, wamama wanapanga bowa mu mabeseni pembeni ya barabara za Likasi. Kwa familia nyingi za wachimbaji hii ndiyo nyama ya msimu: bukari, bowa, na pesa kidogo inabakia ya kununua makala. Basi hatutasema «acheni kula bowa». Ni rahisi kusema vile kama friji yako imejaa.

Wamama wetu wanajua bowa ya kulika na ile ya kuua. Lakini maarifa ile inatambua sumu ya bowa yenyewe, haitambui ya udongo. Bowa ile ile tunayokula tangu utoto, ikiota karibu na marejeti, inaweza kuvuta kadmiamu, risasi na kobalti bila kubadilika rangi wala harufu.

Na kupika? Moto unaua mikrobi, hauondoi metali. Kuosha kunatoa vumbi ya juu (na mu Likasi vumbi si kidogo), ya ndani inabakia. Kukausha ndiko kunadanganya watu zaidi. Bowa mbichi ni maji karibu asilimia 90: ukianika kilo kumi unabakia na kilo moja hivi, na metali ya zile kumi zote iko mule ndani.

Kiwanda cha Shituru kilianza 1929, kwa hiyo udongo wetu umebeba mengi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven waliandika kwamba mu Katanga kobalti mu mikojo ya raia, zaidi wale wanaoishi chini ya kilometa 3 ya mgodi ao kiwanda, ilipita kiwango chochote kilichowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida. Watoto ndio walizidi. Si juu ya bowa peke yake: iko vumbi, maji, mboga.

Kwa sasa, ukinunua, uliza mama ameokota wapi. Ya pori la mbali, sawa. Ya kando ya mto Panda, ya marejeti ao ya njia ya malori, uache hata bei ikiwa chini, zaidi kama nyumbani kuna mtoto ao mwenye mimba.

Kanuni ya migodi ya 2018 inadai kila kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo kwa jamii zinazoizunguka. Shule na visima, vizuri. Lakini kupima bowa, lengalenga na samaki wa soko kila msimu, na kubandika majibu pale pale sokoni kwa Kiswahili, ni gharama ndogo mbele ya jengo moja. Mu kamati za pesa hizo wawakilishi wetu wana viti. Tuwaulize hili kabla mvua haijaisha.