Simu ya dada isifungiwe kabatini

Msomaji wangu, kama unaishi kwenye mojawapo ya maghorofa ya Kariakoo, Gerezani au Upanga, jiulize swali moja kabla hujaendelea kusoma: dada anayekulelea mwanao alizungumza lini na mama yake kwa mara ya mwisho? Sisemi ile salamu ya nusu dakika kwenye simu yako, umeweka spika na wewe umesimama pembeni. Nasema maongezi ya mtu na mama yake, ya kucheka na hata ya kulia.

Wazazi wengi wakiulizwa hivyo hunyamaza. Simu ya binti ilichukuliwa siku ile aliyopokelewa stendi ya Magufuli, ikafungiwa kabatini. Akaambiwa asizungumze na majirani, asisimame kwenye ngazi, asitoke bila ruhusa. Mama na baba wakienda dukani asubuhi, mlango unafungwa kwa nje. Chini yake, Mtaa wa Kongo umejaa watu hadi hakuna pa kukanyaga. Yeye yuko ghorofa ya tano, anawaona kupitia nondo za dirisha, na hakuna hata mmoja anayelijua jina lake.

Hoja yangu leo ni kwamba hili ni suala la afya, tusiliite suala la nidhamu ya nyumba. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana ni miongoni mwa wanaoguswa zaidi. Upweke wa muda mrefu unaongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na sonona. Mwili wa mtu aliyetengwa hukaa kama unaosubiri hatari: homoni za msongo hazishuki, usingizi unakatika, misuli inakaza, tumbo linavurugika.

Ndiyo maana binti wa namna hii mara nyingi haji hospitali akisema ana huzuni. Anakuja na kichwa kisichopona, kifua kinachobana, tumbo, hedhi iliyopotea miezi miwili. Anapimwa malaria, hana. Anaambiwa ni yutiai, anapewa dawa. Wiki mbili baadaye karudi na malalamiko yaleyale. Bosi wake anakaa naye chumba cha daktari na kumjibia kila swali, kwa hiyo swali la maana haliulizwi. Mzazi, ukimpeleka dada hospitali, mwache dakika tano aongee na daktari peke yake. Huenda zikamsaidia kuliko sindano.

Nakubali kwamba hofu yako si ya kutunga. Mji huu una wezi, una matapeli, una vijana wanaomrubuni msichana mgeni kwa chipsi na ahadi. Mtoto wako ni mdogo na hawezi kukueleza kilichotokea mchana. Nyumba lazima iwe na sheria, na binti aliyetoka Singida au Iringa wiki iliyopita anazihitaji ili asipotee.

Lakini sheria haziko sawa. Kuna zinazolinda watu: mgeni asiingie bila taarifa, gesi ifungwe, simu isishikwe wakati mtoto anaogeshwa, ukitoka useme unakwenda wapi. Na kuna zinazomkata mtu na wenzake: kunyang'anywa simu moja kwa moja, kukatazwa kumsalimia jirani, kukaa miezi bila kwenda kanisani au msikitini, kushikiliwa kitambulisho, mshahara "kutunziwa" bila kuuona. Hizi za pili hazimlindi mtoto wako. Binti akipigwa, akiguswa vibaya na mtu wa humo ndani, au moto ukizuka mlango umefungwa kwa nje, nani atajua? Usalama wa mwanao umefungiwa kabatini pamoja na ile simu.

Fikiria pia upande wa mtoto. Mtoto mchanga hujifunza kuongea na kucheka kwa kutazama uso wa anayemlea. Mlezi mwenye sonona uso wake haubadiliki, sauti yake ni moja, subira yake ni fupi. Tunatoa pesa nyingi kwa maziwa ya kopo na shule ya chekechea, halafu tunamwacha mtoto saa 12 kwa siku na mtu ambaye sisi wenyewe tumemvunja moyo.

Sheria ya nchi nayo haiko upande wa kabati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani asilazimishwe kubaki ndani ya nyumba wakati wa mapumziko yake, na ashike mwenyewe nyaraka zake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema umnyang'anye na simu.

Kwa mzazi uliyeko kijijini: kabla binti hajapanda basi, jua mtaa, namba ya nyumba na jina la mwenye nyumba. Omba ajulikane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Pangeni siku na saa ya kupiga simu kila wiki, na mwajiri akubali mapema. Akikupigia analia, usikimbilie "vumilia mwanangu". Mvumilivu hula mbivu, lakini kuna jambo si la kuvumilia. Muulize: unalala? Unakula? Kuna mtu anakuumiza? Kisha nyamaza usikilize.

Na wewe dada, au kijana unayelala stoo ukilinda mizigo ya tajiri, kama ukurasa huu umekufikia, hata ukiwa umefungiwa maandazi, haya ni yako. Kariri namba mbili za simu, usitegemee kitabu. Pata mtu mmoja wa kusalimiana naye kila siku: muuza mboga, mlinzi, dada wa nyumba ya jirani. Ukianika nguo juu ya paa, kaa dakika kumi kwenye jua kabla hujashuka. Kula mezani au jikoni, ila usile umesimama. Jioni jiwekee kitu kidogo kilicho chako: kusali, kusuka, kuandika. Haya hayataondoa sheria mbaya, lakini yatakusaidia usipotee ndani yake.

Zipo dalili ambazo hazisubiri. Kukosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, kulia bila sababu, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kusema "heri nife". Anayesema hivyo asiachwe peke yake, na usimkemee kwamba anatafuta huruma. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Muhimbili iko hapo Upanga na ina idara ya magonjwa ya akili. Usimnunulie dawa za usingizi duka la dawa. Kama ana umri chini ya miaka 18 na anateswa, yeye au jirani yeyote apige 116, ni bure. Mambo ya mshahara na mapumziko, chama cha CHODAWU kinawasemea wafanyakazi wa majumbani.

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Walikuwa vijana waliotolewa makwao, wakabebeshwa mizigo na kuishi kwa amri. Wengi hawakurudi nyumbani. Leo hakuna vita, na hakuna anayekulazimisha uendeshe nyumba yako kama kambi.

Jumapili hii fungua kabati, mpe simu yake. Kaeni chini muandike sheria za nyumba pamoja, ziwe chache na zenye sababu. Mkubaliane siku yake ya kutoka na saa ya kurudi. Kisha mwache ampigie mama yake, na wewe toka nje ya chumba.