Lango moja, mabwana watatu
Safu ya Kipng'eno Rotich

Shule nyingi za msingi za umma wadi ya Boito, Konoin, zina lango moja na kengele moja. Mabwana ndio wengi. Mtoto wa chekechea ni wa kaunti ya Bomet, kwa kuwa Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya awali. Dada yake wa Gredi ya 4, hatua chache kutoka hapo, ni wa Nairobi: mwalimu wake ameajiriwa na TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu. Darasa lake huenda lilijengwa na NG-CDF, fedha za eneobunge. Paa likivuja, mwalimu mkuu hajui abishe hodi wapi. Mwishowe huwaita wazazi.

Zamani mwenye shule alijulikana. Hadi 1969, shule za msingi za mashambani zilikuwa chini ya mabaraza ya kaunti. Mengi yalilemewa na gharama, na kuanzia Januari 1970 Serikali Kuu ikazichukua, pamoja na afya na barabara.

Ilichukua pia daftari la hesabu, na hapo ndipo shule ndogo inapoumia. Mgao wa elimu ya msingi bila malipo, mpango ulioanza 2003, huhesabu vichwa: shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya watoto 800 hupata 1,136,000. Ya watoto 120 hupata 170,400. Lakini chaki haiishi polepole kwa sababu darasa lina watoto 15, wala bawabu wa shule ndogo halindi nusu usiku.

Mwaka 2023 Gredi ya 7 ikaletwa uwanja huo huo. Sekondari msingi ina mgao mnono zaidi, shilingi 15,042 kwa mwanafunzi, ila masomo ni tisa, wanafunzi wawe 30 au 300. Basi mwalimu wa Kiswahili hujikuta akifundisha Kilimo. Angalau hapo watoto wa Boito watamwokoa: wanajua kuchuma majani mawili na chipukizi la chai kabla ya kujua kusoma.

Safu hii haioni ugumu wowote wa kuipa kila shule kiasi fulani cha kuanzia, hata iwe na wanafunzi wangapi, kisha vichwa vihesabiwe baadaye. Kwa sasa pengo huzibwa na bonasi ya chai ya wazazi, na mwaka bonasi ikishuka, paa husubiri.

Wapo wanaosema shule ndogo ziunganishwe. Waje Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia majani chai, waandamane na mtoto wa Gredi ya 1 akiteremka bondeni, avuke kijito kilichofura, kisha aanze kupanda mlima wa pili na begi mgongoni.