Pasipoti Haina Lafudhi

Kila mwaka, miezi michache kabla ya mahafali, mjadala ule ule hurudi katika makundi yetu ya WhatsApp: nani anakwenda wapi Asia kufundisha Kiingereza. Mmoja atasema Vietnam, maana chakula ni rahisi. Mwingine atataja Korea Kusini, ambako mwajiri hutoa nyumba na nauli ya ndege. Wa tatu atatuma orodha ya nchi kumi bora, zimepangwa kwa mshahara, fukwe na kasi ya intaneti. Nina ugomvi na orodha hizo. Ziliandikwa na watu ambao wanachagua kweli. Sisi wenye pasipoti ya Kenya tunachagua katika mabaki, kisha tunajiaminisha kuwa mabaki ndiyo tuliyoyapenda tangu mwanzo.

Nimefundisha Thailand miaka miwili, katika mji mdogo wa kaskazini mashariki, kabla ya kurudi Nairobi kusoma uzamili wa isimu tumizi. Nikimaliza tasnifu nataka kwenda tena, na safari hii nchi nyingine. Nikitaja hilo naulizwa kama napenda baridi au joto, pilipili au samaki mbichi. Swali langu ni jingine kabisa: sheria ya nchi hiyo inamtambua vipi mwalimu wa Kiingereza? Kwa elimu yake, au kwa nembo iliyochapwa kwenye jalada la pasipoti?

Tuanze na Korea Kusini, kwa sababu ndiyo ndoto ya wengi. Viza ya mwalimu wa lugha huko huitwa E-2, na kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Nigeria haimo. Ufilipino nayo haimo, ingawa Wakorea kwa maelfu hupanda ndege kwenda Cebu na Baguio kujifunza Kiingereza kwa walimu wa Kifilipino. Yaani Mfilipino anafaa kumfundisha Mkorea akiwa kwao Cebu, ila akivuka bahari kumfuata mwanafunzi wake, Kiingereza chake kinaharibikia njiani kama maziwa.

Tena itazame Afrika Kusini vizuri. Wanaozungumza Kiingereza nyumbani huko hawafiki mmoja kati ya kumi. Wakorea wanalijua hilo, ndiyo maana mwombaji wa Afrika Kusini anayetaka shule za serikali hudaiwa barua ya kuthibitisha kwamba alisomeshwa kwa Kiingereza tangu sekondari ya chini hadi chuo kikuu. Sina tatizo na barua hiyo. Ni kipimo cha haki. Ninachouliza ni kwa nini mimi, niliyesoma fizikia, historia na hata maarifa ya dini kwa Kiingereza, sipewi nafasi ya kuileta.

Jibu liko kwa Wahindi. Makubaliano ya kiuchumi kati ya India na Korea Kusini yalipoanza kutumika 2010, yaliwafungulia Wahindi wenye cheti cha ualimu nafasi ya kuwa walimu wasaidizi wa Kiingereza kwa viza hiyo hiyo. Hakuna mwanaisimu aliyeamka asubuhi na kugundua kuwa Kiingereza cha Delhi kimepevuka. Watu wa biashara walikaa mezani, wakauziana magari na chuma, na katikati ya kurasa hizo mwalimu akapata kimlango chake. Orodha ile haijawahi kuwa suala la lugha. Ni suala la nani alitumwa mezani na alitumwa kuomba nini.

Nasi tulimtuma nani? Serikali yetu imetia saini mikataba ya kazi na Saudi Arabia, na Qatar, na Umoja wa Falme za Kiarabu, na akilini mwa kila mtu humu nchini mikataba hiyo ni ya wasaidizi wa nyumbani, walinzi na madereva. Siidharau kazi hiyo. Imejenga nyumba nyingi kijijini kwetu. Lakini ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiingereza ni mojawapo ya lugha rasmi za Jamhuri, na sijasikia waziri hata mmoja akisimama Seoul na kuisoma ibara hiyo kwa sauti. Vyuo vyetu vinatoa maelfu ya walimu wasioajiriwa kila mwaka. Tunasafirisha chai kwa fahari kuliko tunavyomsafirisha mwalimu.

Kuna kinaya kingine, nacho kinanichoma zaidi kwa sababu ni cha nyumbani. Mwaka 1961 ulifanyika mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha 1992, anataja imani tano zilizotiwa muhuri na mkutano ule, na mojawapo ni kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wa lugha hiyo. Mkutano huo haukufanyika London. Ulifanyika Makerere, Kampala, safari ya usiku mmoja kwa basi kutoka chumba ninamoandikia maneno haya. Fikra inayonizuia kuingia darasa la Busan ilibarikiwa Afrika Mashariki, juu ya kilima tunachokiita chemchemi ya elimu yetu.

Najua kuna watakaosema: usilalamike, mbona Thailand ilikupokea? Ilinipokea, naam. Kwanza nilifanya mtihani wa TOEIC nikapata zaidi ya alama 600 zilizotakiwa kwa asiye mzawa. Mwenzangu kutoka Manchester hakufanya mtihani wowote. Alikuwa kijana mwema, mcheshi, aliyesomea usimamizi wa michezo, na alikuja kwenye meza yangu kila Jumatatu kuniuliza tofauti ya nyakati za vitenzi kabla kengele haijalia. Alilipwa baht 38,000 kwa mwezi. Mimi nililipwa 23,000, na Mfilipino aliyekuwa na leseni ya ualimu na miaka kumi na moja ya kazi alilipwa 19,000. Kiranja wa idara alitueleza kwa upole kuwa wazazi wanapenda sura ya Kiingereza. Hakusema sauti. Alisema sura.

Baadhi ya wenzetu wamepata dawa yao: kudanganya. Anajifunza kubana pua, anakuwa mtu wa Atlanta kwenye simu na mtu wa Cape Town kwenye wasifu. Sitamhukumu mwenye njaa, lakini dawa hiyo inalisha ugonjwa. Kila Mkenya anayepita kwa lafudhi ya kukodi anamthibitishia mwajiri kuwa lafudhi ndiyo bidhaa, na anayemfuata na sauti yake ya Kitui au Kisii anakuta bei imeshapangwa.

Wengine hushauri tufuate nchi zisizouliza maswali mengi. Nenda huko, wanasema, utaingia kwa viza ya utalii, mengine yatajipa. Mahali pasipoulizwa karatasi ukiingia hapana karatasi ya kukutetea ukidhulumiwa. Nimemwona dada mmoja wa Kiafrika akimaliza muhula bila mshahara, na mwenye shule akimkumbusha, tena akitabasamu, kwamba uhamiaji haiko mbali.

Ndiyo maana nimeichagua Japani, na nataka sababu yangu ieleweke, maana haina uhusiano na maua ya mcheri. Kanuni ya uhamiaji ya Japani kwa mwalimu wa lugha ya kigeni mashuleni haikuulizi ulizaliwa wapi. Inauliza kama umesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Swali hilo naweza kulijibu. Sijipumbazi: matangazo mengi ya kazi huko bado yanataka mzawa, na mshahara kwa gharama za mji mkubwa si wa kurukia. Lakini ubaguzi wa mwajiri mmoja naweza kubishana nao kwenye usaili, nikashindwa leo nikajaribu kwingine kesho. Orodha ya nchi saba haina usaili.

Basi nimekuwa nikikusanya barua. Cheti cha tabia njema kilikuwa rahisi. Chuo kikuu kilichukua wiki sita, sekondari wiki moja. Iliyobaki ilikuwa shule ya msingi huko Machakos, nami nikampigia mwalimu mkuu wangu wa zamani, aliyekwisha kustaafu lakini bado anaheshimiwa pale kuliko aliyemrithi.

"Mwalimu, naomba waandike kwamba tulifundishwa kwa Kiingereza miaka yote minane."

"Miaka minane? Hapana, mwanangu. Darasa la kwanza hadi la tatu niliwafundisha kwa Kikamba mimi mwenyewe. Hiyo siwezi kuwaambia waandike."

"Lakini Mwalimu, kuanzia la nne tulivalishwa kibao shingoni tukiongea Kikamba."

"Kuanzia la nne, ndiyo. Hiyo wataandika."

Nilikaa nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Mfumo wetu wa 8-4-4 ni miaka 16; toa mitatu ya Kikamba, inabaki 13. Barua ilinifikia kwa matatu Ijumaa iliyopita, ina muhuri wa shule, na kwenye mstari wa pili imeandikwa wazi: tangu darasa la nne.