Picha ya Kichwa Haitaji Jina la Ugonjwa

Ndugu wa Yanonge na vijiji vya mtoni, mgonjwa akiumwa kichwa siku nyingi, au mdomo wake ukipinda, au akili zikibadilika, jamaa wengi siku hizi husema, "Apelekwe Kinshasa apigwe picha ya ubongo." Huuza mbuzi, hata mtumbwi. Mimi nasema damu yake ipimwe kwanza.

Silaumu mashine ya skana. Mtu akianguka kutoka mchikichini, skana huonyesha kama damu imemwagika ndani ya kichwa. Huonyesha uvimbe pia. Lakini vijidudu ni vidogo mno, picha ya kichwa haivioni. Huonyesha mabaka tu, na mabaka kama hayo huonekana hata kwa mzee mwenye shinikizo la damu.

Tazameni ugonjwa wa Lyme, ambao huletwa na kupe, hasa katika nchi za baridi za Ulaya na Marekani. Huingia katika mishipa ya fahamu, na uso wa mgonjwa hupooza upande mmoja. Huko mashine ni nyingi, hata zile za sumaku zinazoona vizuri kuliko skana. Hata hivyo mara nyingi picha hutoka safi, na mgonjwa anaumwa kweli. Waganga huamua kwa dalili zake, kwa damu, na kwa maji ya uti wa mgongo.

Kijidudu cha Lyme kina ndugu yake katika Afrika, naye huleta homa ya papasi. Papasi, ambao wengine huwaita kimputu, hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo, huuma usiku, na asubuhi hawaonekani. Homa hupanda, hushuka, kisha hurudi. Nayo pia yaweza kupooza uso. Waganga Dutton na Todd walifika maporomoko ya Stanley, hapo Kisangani, mwaka 1904, wakachunguza papasi na homa hiyo. Wote wawili waliugua, na Dutton akafa Kasongo mwaka 1905. Kijidudu hicho huitwa kwa jina lake hata leo. Huonekana kwa darubini katika tone la damu, lakini damu itolewe wakati homa imepanda. Anayengoja homa ishuke ndipo aje, hutupa taabu.

Malale nayo huingia ubongoni. Mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, huwa mkali kwa watu wake, na watu husema amerogwa. Daktari Clement Chesterman alianza kazi Yakusu mwaka 1920 akapigana na malale, na skana ya kwanza ilipiga picha ya mgonjwa huko London mwaka 1971 tu! Malale ilijulikana kwa damu, kwa maji ya tezi za shingo, na kwa maji ya mgongo. Bado ni hivyo.

Najua wengi huogopa sindano ya mgongo. Husema humaliza nguvu za mwanamume. Si kweli. Sindano huingia chini, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kwisha. Kichwa chaweza kuuma siku chache, basi. Tena siku hizi kuna vidonge vya fexinidazole, vya siku 10, na wagonjwa wengi wa malale ya kwetu hawahitaji tena sindano hiyo. Wenye dalili nzito za ubongo ndio bado huhitaji, maana vidonge pekee huenda visiwatoshe. Na hao ndio ambao jamaa zao huwaficha.

Mganga mwenyewe akisema picha ipigwe, nendeni. Mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea ghafula, au mgonjwa akizimia, ni vizuri picha itangulie sindano. Lakini muulizeni anatafuta nini, na kama damu imekwisha kupimwa.